Mgongo Wako Hamna Kitu

Nilistaafu siku ya Ijumaa, na Jumatatu yake asubuhi mgongo ukaniuma. Miaka yote ya kazi nimeinama juu ya vidonda vya watu, nimenyanyua wagonjwa wazito kuliko mimi, nimeendesha baiskeli kwenye mchanga wa Temeke mpaka Mtoni na Mbagala, na mgongo haukunisumbua hata siku moja. Nimekabidhi funguo, ndiyo kwanza unaamka. Niliwaeleza hayo nyie vijana wangu wa zahanati mlipokuja kunijulia hali, mkacheka mpaka chai ikawapalia, kisha mmoja wenu akasema, "Bwana Kaspari, tuandikie basi habari za migongo." Nimeona si ombi baya. Habari za vyeo na nani alipandishwa kabla ya nani mtazipata kwa wengine, wapo wanaozikumbuka vizuri kuliko mimi. Mimi nitaandika ya migongo, hasa mgongo mmoja nilioutia ubovu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kazi nilianzia kwetu Tabora, nikiwa kijana wa misheni anayejua kusoma, kuandika na Kiingereza cha kuombea maji. Siku ya kwanza hospitalini nilikabidhiwa pipa la bendeji chafu na kipande cha sabuni. Nilidhani wamenikosea. Nikamwendea mkubwa wangu nikamwambia kwa adabu kwamba mimi nina cheti. Akanijibu nikakitundike karibu na pipa, kipate kuniona ninavyofua. Nilifua miezi mitatu. Baadaye nikafundishwa kuchemsha sindano, kupima dawa, kufunga kidonda kisibane wala kisilegee. Siku hizo tuliitwa madresa, maana kufunga vidonda ndiyo ilikuwa kazi yetu ya asili, na jina hilo likabaki hata tulipoanza kufanya mengine mengi ambayo hatukuajiriwa kuyafanya.

Niliteremka Dar es Salaam miaka michache baada ya Vita Vikuu vya Pili, nikapangiwa zahanati ya Temeke. Ilikuwa vyumba viwili na baraza, bati juu, na mbele yake mchanga mtupu ambao mvua ikinyesha ulikuwa ziwa. Watu wetu wengi walikuwa wa bandarini, wapakiaji wa marobota ya katani na magunia, pamoja na wake zao na watoto wao. Mkubwa wa zahanati alikuwa Bwana Ambrosi, Mmakua wa Masasi, mtu mfupi, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi ule ule tunaoshonea majeraha. Asubuhi ya kwanza nilikuta daftari la wagonjwa, nikakaa, nikachovya kalamu. Akaja akalifunga.

"Mwezi mzima huandiki," akaniambia. "Utakaa hapo uangalie watu wanavyoingia."

Nilichukia sana. Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilitaka uonekane. Lakini nikakaa, nikaangalia. Nikaona kwamba mwenye homa hujitupa kwenye benchi, mwenye jino hutembea huku ameegemeza shavu kiganjani, na mwenye mgongo hukaa mwisho wa wote, kwa vituo vituo. Wengine hawakai kabisa. Nikaona pia kwamba wenye mgongo walikuwa wengi kuliko wenye ugonjwa wowote mwingine isipokuwa homa, na siku yao kubwa ilikuwa Jumatatu.

Hapo niweke neno moja la kuwasaidia. Wanaume wa pwani hawatakwambia kiuno kinauma, hata kama mkono wameuweka kiunoni. Kiuno cha mwanamume kina habari zake nyingine ambazo hazizungumzwi kwenye benchi la zahanati mbele ya mama wakwe za watu. Kwa hiyo kila kitu ni mgongo. Nilipochukua daftari hatimaye, niliandika "mgongo" mara nyingi hata nikawa naota neno lenyewe.

Bwana Ambrosi alikuwa na maswali matatu kwa mtu wa mgongo. Unauma wapi? Ulianza lini? Hayo hata mimi niliyajua. La tatu lilikuwa lake: "Na siku hizo nyumbani kulikuwa na nini?" Alilisema huku anafuta miwani, kana kwamba anauliza bei ya samaki. Na watu wakajibu. Mama mmoja mgongo wake ulianza wiki aliyoletewa mke mwenza. Karani mmoja wa huko bara mgongo ulimwanza siku alipopata barua kwamba baba yake amefariki, na barua ilikuwa imekaa njiani mpaka arobaini ikapita. Bwana Ambrosi hakuwaambia kwamba hawaumwi. Alinikanya juu ya hilo mapema kabisa. "Maumivu ni yake, wewe unayajuaje?" alikuwa akisema. "Kazi yako ni kujua yanakula nini." Aliwachua kwa dawa ya kuchua, akawapa vidonge, akawaambia warudi Alhamisi wamweleze habari za mke mwenza. Wengi walipona, na wengi katika hao walipona kabla ya chupa kwisha.

Sasa nije kwa Shomari.

Shomari alikuwa Mzaramo, kwao Kimbiji, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Alikuwa mpakiaji bandarini. Alikuja kwetu ametegemea mkono wa mkewe, Mwanahawa. Akaeleza kwamba aliteleza kwenye ubao wa kushukia tishari, ile mashua kubwa ya mizigo, akiwa na robota, hakuanguka, ila alisikia mgongo umekaza kama kamba iliyovutwa. Wiki tatu zilikuwa zimepita. Nyapara wake, yaani msimamizi wa kundi lao, alikuwa akimwita mvivu mbele ya wenzake kila asubuhi, na neno hilo Shomari alilirudia mara mbili, la kuteleza mara moja tu. Ningekuwa na akili ningeliandika hilo. Tukamchua, tukampa vidonge, tukamwambia asubiri daktari.

Daktari alikuwa Mzungu aliyekuja kila Jumatano ya pili kwa gari, mtu mpole, mwenye haraka. Kiswahili alikuwa hajui zaidi ya jambo na kwaheri, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Sitaficha kwamba siku zile nilijiona mkubwa. Watu themanini wamekaa barazani, na neno la daktari halipiti mpaka lipite kwangu. Alimlaza Shomari, akambonyeza pingili moja moja, akamnyanyua miguu, akamgonga magoti, akamchoma kidogo kwa pini nyayoni. Akaridhika. Akaniambia kwa Kiingereza nimwambie kwamba hakuna kitu kwenye mgongo wake. Alimaanisha hakuna kilichovunjika, hakuna ugonjwa mbaya, ashukuru Mungu aende.

Nikageuka, nikasema kwa sauti ya kiserikali: "Bwana Daktari anasema, mgongo wako hamna kitu."

Shomari akabaki ameshika shati lake.

"Hamna kitu?" akauliza.

"Hamna kitu."

"Kabisa?"

"Kabisa," nikasema, kwa furaha.

Akavaa shati polepole, kifungo kimoja kimoja, akasema, "Alhamdulillahi." Mimi Mkristo wa Tabora nikalichukua kuwa ni shangwe. Nikamwita mgonjwa anayefuata. Sikujua bado kwamba Mwislamu hulisema neno hilo akipata mtoto na hulisema vile vile akimzika.

Hakurudi wiki iliyofuata, nikajipongeza. Iliyofuata hakurudi pia. Miezi miwili na ushei ikapita, na siku moja ikaja barua kutoka ofisi yao ya bandarini. Waliuliza hivi: mtu huyu haji kazini isipokuwa siku moja moja, na akija hashiki kitu, daktari wenu alimpima akasema hana ugonjwa, je, tuelewe kwamba ni mgonjwa au ni mtegaji wa kazi? Jibu lilitakiwa litiwe sahihi na daktari siku yake ijayo ya kuja. Kama ni mtegaji, jina lake lingefutwa, na mtu aliyefutwa kwa utegaji hakuchukuliwa na kundi lolote lingine pale gatini.

Mimi nilikuwa tayari na jibu langu. Nikamwambia Bwana Ambrosi kwamba mtu alipimwa mbele yangu, akaambiwa ni mzima, akashukuru. Bwana Ambrosi akaikunja barua mara nne.

"Umekiona kitanda chake?" akaniuliza.

"Cha nini?"

"Hujakiona. Basi hujui kitu. Chukua baiskeli."

Nilifika alasiri. Ilikuwa nyumba ya udongo, nadhifu, uani pamefagiwa. Mwanahawa alikuwa ametoka kisimani na debe kichwani, tena mja mzito, jambo ambalo zahanati hakunieleza mtu. Alinipokea vizuri, akaniomba ningoje kwa sababu mwenzake anaswali. Mlango ulikuwa wazi. Nikamwona Shomari amekaa juu ya boksi la sabuni, wima kama mtu anayepigwa picha, anaswali kwa kichwa tu. Pahali pa kuinama aliteremsha kidevu. Pahali pa kusujudu aliteremsha kidevu zaidi kidogo. Mimi si wa dini hiyo, lakini nimeishi na Waislamu maisha yangu yote, na najua kwamba mtu wa umri ule akiswali juu ya boksi pana jambo zito. Binti yao mdogo alikuja akamshika goti, anataka kubebwa. Baba akamweka pembeni kwa kiganja, taratibu, kama anavyosogezwa mtu asimwage kitu.

Alipomaliza tukasalimiana, nikaketi, nikauliza kwa nini hainami.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nitainama vipi, Dresa? Si wewe mwenyewe ulonambia mgongo hamna kitu?"

"Ndiyo. Hamna kitu. Ni mzima."

"Mzima?" Akamtazama mkewe. "Dresa, kitu kikiwa hamna kitu kinakuwaje kizima? Embe ukiambiwa hamna kitu, ulile? Mtu ukiambiwa yule hamna kitu, si ndo kwisha kazi? Mie nilikuuliza, nikakwambia kabisa? Ukanambia kabisa. Nikajua basi, mgongo ushakwisha, imebaki nyama na ngozi. Nikiinama unakatika, mke wangu anabaki na kilema wa kulala."

Nilihisi masikio yamewaka moto. Vijana wangu, nimekosea dawa mara mbili tatu katika kazi hii, nimewahi kudondosha trei nzima ya sindano zilizochemshwa mbele ya mkaguzi, lakini sijapata aibu kama ile. Maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, kilichopimwa kwa kamusi, na nilikuwa nimechukua Kiingereza nikakivalisha kanzu. Mtu yule alikuwa amekaa miezi miwili na zaidi akilinda kitu ambacho hakikuvunjika, na mkewe mja mzito anachota maji, kwa sababu yangu.

Nikamweleza. Nikamwambia daktari alisema nini, alimaanisha nini, na mimi nilikosea wapi. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole ulioniumiza zaidi, "Dresa, una huruma. Mungu akulipe. Lakini la mbele ya daktari ndilo la kweli. Hili la nyumbani ni la kunipoza roho."

Nikarudia. Akatikisa kichwa. Kadiri nilivyozidi kumwambia ni mzima ndivyo alivyozidi kunihurumia. Nilielewa pale kwamba neno likishaingia mwilini mwa mtu halitoki kwa kufutwa tu, kama hesabu ubaoni.

Aliyeniokoa ni Mwanahawa. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, ananisikiliza ninavyojikanyaga.

"Kwani Dresa kwenu wapi?" akauliza. "Mie siku zote nakusikia Kiswahili chako, najiuliza huyu katoka wapi."

"Tabora. Mimi Mnyamwezi."

Akapiga makofi, akacheka, na kabla sijajua linalotokea kofia yangu ilikuwa kichwani mwake.

"Mtani!" akapiga kelele mpaka majirani wakasikia. "Baba Zuhura, huyu mtani! Kajificha ndani ya koti jeupe miaka yote hii, tunampa shikamoo! Kofia huipati ng'o, Mnyamwezi wee!"

Nyie wa siku hizi mnajua utani wa makabila lakini nadhani hamjui ulivyokuwa na nguvu. Babu zetu Wanyamwezi waliteremka kutoka bara na mizigo begani, msafara baada ya msafara, na Wazaramo ndio waliowapokea pwani. Wakagombana, wakapatana, wakawa watani. Mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia chako, kukuchekesha hata msibani, na huna ruhusa ya kukasirika. Bwana Ambrosi alitukataza mambo hayo zahanati, kwa sababu foleni haingesogea. Kwa hiyo nilikuwa sijawahi kumwambia mtu kabila langu nikiwa kazini.

Shomari alikuwa ananitazama kwa macho mengine. "Kweli Mnyamwezi?"

"Kweli."

"Hebu basi niambie sasa hivi. Si kama dresa. Kama mtani. Mgongo wangu una nini?"

Nikavuta pumzi. Nilikuwa na koti la serikali mwilini, lakini kofia nilikuwa nimekwisha kuporwa.

"Mgongo wako una uzima unaotia hasira, Mzaramo wewe!" nikamwambia. "Babu zangu walitembea kutoka Tabora hadi hapa na pembe za ndovu begani, na hakuna hata mmoja aliyefika akaomba boksi la sabuni akalie. Wewe umebeba robota kutoka ghalani mpaka gatini, hatua mia, umetaka kufa! Mkeo ana mimba anachota maji, wewe umekaa hapo kama bibi harusi. Mgongo mzima! Unauma, sikatai, uendelee tu, una haki ya kuuma. Lakini kukatika, wapi!"

Niliogopa nimepita kiasi. Kisha Shomari akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kwa tumbo zima, akajishika ubavu akasema, "Unauma, we, unauma!" Nami nikamfokea, "Na uendelee! Umekatika?" Akapeleka mkono nyuma, akajipapasa pingili kwa pingili, mtu mzima anajitafuta mgongoni mwake.

"Haujakatika," akasema. Na hapo hapo akaanza kulia. Mwanahawa akanirudishia kofia bila kuombwa, akaenda jikoni.

Baadaye nilimuuliza kwa nini aliniamini mara ya pili. Akanijibu kama anayemweleza mtoto. "Mtani hana haja ya kunifariji. Mtani akiona nimekwisha angenambia nimekwisha, tena angecheka."

Nilirudi nikamweleza Bwana Ambrosi yote. Alifuta miwani muda mrefu. Nilitegemea atasema atalipanga na daktari yeye mwenyewe, wakubwa kwa wakubwa. Akasema, "Jumatano utamwambia wewe." Nilijua dresa anayekiri kutafsiri vibaya anaweza kurudishwa kwenye pipa la bendeji, na mimi nilikuwa na mke mpya, Veronika, niliyemwambia kwamba mumewe ni mtu muhimu.

Jumatano nikamwambia daktari, kwa Kiingereza nilichokikariri usiku kucha kama Baba Yetu. Hakukasirika. Alikaa kitandani pa wagonjwa, akaniuliza ningepaswa kusema nini. Nikamjibu, "Mgongo wako ni mzima, bwana. Unauma, lakini ni mzima." Akaniomba nirudie polepole, akayaandika maneno hayo nyuma ya karatasi ya dawa. Tangu siku hiyo kila mtu wa mgongo aliyelala kitanda kile alisomewa maneno hayo na daktari mwenyewe, kwa lafudhi ya kutisha, "Mugongo wako ni muzima," na wagonjwa waliondoka wanacheka, na kicheko nacho ni dawa.

Barua ya bandarini aliiandika mbele yangu. Aliandika kwamba mtu ni mgonjwa wa kweli, maumivu yake ni ya kweli, mgongo wake hauna uharibifu, na kwamba hofu aliyonayo tulimtia sisi. Apewe kazi nyepesi, atarudi. Nilisoma lile neno "sisi" mara kadhaa. Angeweza kuandika "dresa wangu." Mzungu yule nimeshasahau mengi yake, lakini hilo bado namshukuru.

Wakampa Shomari kazi ya kushona magunia yaliyopasuka, ghalani, amekaa. Kazi ilikuwa nyepesi, maneno yalikuwa mazito. Nyapara wake alipita kila asubuhi kumuuliza kama ameshajifunza na kusuka mikeka. Tukagundua jambo, Shomari na mimi: siku ambayo nyapara amepita, mgongo unauma mpaka alasiri, siku ambayo nyapara ana shughuli melini, hauumi mpaka jioni. Magunia ni yale yale. Nilimwambia Bwana Ambrosi, akasema hayo ndiyo aliyokuwa akinifundisha kwa miaka mitatu, amefurahi nimeyasikia kwa mtu mwingine.

Kila Alhamisi baada ya kazi nilipita kwao. Nilimwanzisha na debe la maji robo, kutoka kisimani mpaka mlangoni. Wiki mbili robo, kisha nusu. Kila alipoinama nilikuwa pale kumtukana, na kila aliposimama alinitukana yeye, na majirani walitoka na vigoda kuja kusikiliza. Siku mbaya zilikuwepo. Mara moja alilala chini siku mbili, akamtuma mtu aniambie umekatika kweli sasa. Nikaenda, nikalala chini kwenye mkeka karibu naye na koti langu jeupe, nikamwambia basi tungoje wote wawili, tuone utaanguka upande gani. Tulingoja mpaka Mwanahawa akatuletea uji. Akakaa mwenyewe kuunywa.

Siku aliyoswali chini kwenye mkeka kama wenzake sikuwepo. Niliijua kwa sababu Mwanahawa alileta zahanati sahani ya vitumbua, akamkabidhi Bwana Ambrosi mbele ya foleni yote, akasema Mnyamwezi asile peke yake. Bwana Ambrosi alivunja sheria yake ya utani, akacheka mbele ya watu. Alikula vitano.

Mwaka uliofuata Shomari alirudi kwenye marobota, chini ya nyapara mwingine, na nadhani huyo nyapara mwingine alikuwa nusu ya dawa. Sitawadanganya kwamba maumivu yalikwisha. Yalikuwa yakija, hasa masika, hasa nyumbani kukiwa na mgonjwa. Lakini yalikuja kama mgeni asiyependeza, akakaribishwa, akakaa, akaondoka. Mtoto aliyekuwa tumboni alizaliwa wa kiume, na baba yake alimbeba mgongoni kwa kanga hadharani, mbele ya wapakiaji wenzake, akaniambia nimwangalie vizuri.

Bwana Ambrosi alirudi Masasi, akaniachia zahanati na uzi wa miwani. Miaka ikaenda.

Mwaka juzi Veronika wangu aliugua, na dresa wa miaka yote hii hakuweza kumsaidia kwa lolote ila kumshika mkono. Siku ya mazishi watani walijaa. Wazaramo wa Temeke wakaziba mlango kwa mikeka, wakasema marehemu haendi popote maana kuna vitumbua vyao hakumaliza. Mama mmoja alivaa koti langu jeupe akazunguka anawapima waombolezaji homa. Watu wakacheka, nami nikacheka, huku machozi yananitoka, na ndivyo inavyotakiwa.

Vijana wanne wa kwetu walipoinama kunyanyua jeneza, Shomari akatokea. Mvi zilikuwa zimemjaa. Akamshika bega yule wa mbele upande wa kulia, akamtoa.

"Tokeni hapo," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nyie Wanyamwezi mmebeba vya watu tangu enzi za pembe, hamjapata kupumzika. Huyu namchukua mie."

Watu wakacheka tena, na tukaanza kwenda. Makaburi yalikuwa mbali, njia ni mchanga. Nilitembea nyuma ya jeneza na kitu nilichokiona njia nzima kilikuwa mgongo wa Shomari. Nusu ya njia kijana mmoja alimgusa ampokee, akakataa kwa kichwa. Nikaona mguu wake wa kushoto anavyoutua, na mimi najua mtu anavyotua mguu mgongo ukimuuma. Nikafungua mdomo nimwambie inatosha, mtani, weka chini.

Nikaufunga. Ulishasema ya kutosha juu ya mgongo ule. Akambeba Veronika mpaka mwisho, na pale kaburini akashika kamba na wenzake, akainama, akamteremsha.